Programu Haisukumi Hewa

Nimekuwa kimya hapa majuma kadhaa. Wanaonijua wanajua kwamba nikinyamaza, ama kuna kitu ninakijenga ama kuna kitu nimekichoma. Safari hii ni vyote viwili: nilijenga, nikachoma, nikajenga tena. Sasa nina hasira kidogo, basi nisameheni mapema.

Hasira yenyewe inatokana na sentensi moja ambayo nimeisikia kwa wanaprogramu wenzangu mara nyingi kupita kiasi: "Besi ikipungua, utaiongeza tu kwa ikwalaiza." Ile "tu" ndiyo inayoniudhi. Ni "tu" ya mtu aliyezoea kwamba kila tatizo lina mstari mmoja wa msimbo unaolimaliza. Na aibu ni kwamba mimi mwenyewe niliisema kabla yao, nikaisema kwa kujiamini, mbele ya mzee wangu.

TUNAZUNGUMZIA NINI HASA

Spika nyingi unazoziona zimefungiwa ndani ya sanduku. Sanduku lina kazi moja kubwa: kuificha hewa ya nyuma. Koni ya spika ikisukuma hewa upande wa mbele, upande wa nyuma inaivuta. Ikivuta mbele, inasukuma nyuma. Mawimbi hayo mawili ni mapacha wanaogombana, wakikutana, wanafutana. Sanduku linawatenganisha.

Spika ya ubao wazi haina sanduku. Ni ubao uliotobolewa tundu, spika ikafungwa hapo kwa skrubu, na nyuma pakaachwa wazi. Watu wanaipenda kwa sababu nzuri, na mimi ni mmoja wao. Hakuna sanduku la kuvuma. Sauti ya nyuma inatoka huru badala ya kugonga mbao na kurudi kupitia koni. Na kwa kuwa mapacha wale wanafutana kabisa ubavuni, sauti inasambaa kwa umbo la tarakimu 8: kubwa mbele, kubwa nyuma, karibu kimya pembeni. Ukijumlisha sauti yote inayomwagika chumbani, ni theluthi moja tu ya ile ambayo ingemwagwa na spika inayosambaza pande zote, hali mbele unasikia kiasi kilekile. Katika hizi nyumba zetu za kupanga, zenye kuta za mawe, sakafu ya vigae na pazia moja, hiyo ni neema. Mwimbaji anasimama mahali pake na maneno yake yanasikika.

Bei ya neema hiyo ni besi.

Kama hunielewi, chukua sahani uizamishe kwenye karai la maji, wima. Isukume haraka haraka: maji yanaruka, wimbi linakwenda hadi ukingoni. Sasa isukume polepole. Hakuna wimbi. Maji yanaizunguka sahani tu, yanatoka mbele yanarudi nyuma, na ukingoni hapatikisiki kitu. Mkono umefanya kazi, maji yamesogea, lakini hakuna kilichofika. Hivyo ndivyo besi inavyopotea kwenye ubao wazi. Mtetemo wa polepole unaipa hewa nafasi ya kuzunguka ukingo wa ubao na kujifuta.

HESABU, KWA WANAOPENDA HESABU

Na nyinyi mnaosoma ukurasa huu mnapenda hesabu, msijifanye.

Chukua umbali ambao wimbi la nyuma linausafiri zaidi ya lile la mbele. Tuuite D. Kwa ubao bapa wenye spika katikati, D ni takriban nusu ya upana wa ubao. Kasi ya sauti hewani ni mita 343 kwa sekunde hivi. Gawanya 343 kwa mara sita ya D, unapata masafa ambayo ubao wazi unatoa sauti sawa na spika iliyofungwa. Chini ya hapo unapoteza desibeli 6 kwa kila oktava, yaani kila masafa yanapopungua nusu, shinikizo la sauti nalo linapungua nusu.

Ubao wangu wa kwanza ulikuwa na upana wa sentimita 60. D ni mita 0.3. Gawanya 343 kwa 1.8: Hz 190. Hapo ndipo mteremko unapoanzia! Hz 190 si besi ya chini. Hapo bado uko kwenye kifua cha mwimbaji wa kiume. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi, usipobonyezwa, unatetema kwa Hz 41. Ukifika huko chini ubao huo umekwisha kula desibeli 13. Na hapo hatujahesabu udhaifu wa spika yenyewe, kwa sababu kila spika ina masafa yake ya asili, na chini ya hayo inaporomoka desibeli 12 nyingine kwa kila oktava. Jumlisha na zile 6 za ubao: 18. Huo si mteremko tena, ni genge.

Mtu atasema, basi panua ubao. Sawa. Ili mteremko uanzie Hz 41, D inatakiwa iwe mita 1.39, yaani ubao wa karibu mita 2.8. Mbili, kushoto na kulia. Hizo si spika, ni milango ya gereji, na mama watoto atakuuliza utalala wapi.

MZEE NA GITAA LA BESI

Mzee wangu alifundisha shule ya msingi maisha yake yote. Alipostaafu, wenzake walimchangia bahasha. Hakununua ng'ombe wala hakuongeza mabati. Aliniita akaniambia, "Wewe ndiye unayejua mambo ya mashine. Nitengenezee kitu cha kusikilizia nyimbo zangu." Nyimbo zake ni benga na rumba za zamani, na kama unaijua benga unajua kwamba gitaa la besi pale halikai nyuma kama mgeni asiyealikwa. Linazungumza. Linabishana na lile gitaa jembamba.

Nikanunua spika mbili za inchi 8, nikakata plaiwudi, nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Zilipendeza. Siku ya kwanza mzee akakaa, akasikiliza wimbo mzima, akasifu sauti ya mwimbaji. Kisha akauliza kwa upole wa mwalimu anayejua kwamba mwanafunzi amekosea: "Na gitaa la besi limeenda wapi?"

Nikamjibu, "Hiyo nitaongeza tu kwa kompyuta, Baba."

Nikaandika kichujio. Kilinichukua nusu saa, na sehemu kubwa ya nusu saa hiyo ilikuwa chai. Chini ya Hz 190 sauti ipande desibeli 6 kwa kila oktava, mpaka Hz 41, kisha isimame hapo. Mchoro kwenye skrini ukanyooka kama rula. Nilijiona fundi. Mzee akasikia besi yake, kwa sauti ya chini, akatabasamu. Nikarudi Nairobi.

Jumamosi moja wageni walikuja nyumbani, mzee akafungulia sauti kama mtu yeyote anavyofungulia sauti wageni wakija. Spika ya kushoto ikaanza kukohoa. Ya kulia ikanuka. Kufikia jioni zote mbili zilikuwa zimekufa, na mzee akaomba msamaha. Aliniomba MIMI msamaha, kwamba huenda alikosea kifungo fulani. Hakuna kifungo alichokosea. Aliyekosea alikuwa na shahada.

Nilizibeba hadi kwa fundi mmoja karibu na Luthuli Avenue. Akaibonyeza koni kwa vidole vyake, akasikia koili ikikwaruza, akanitazama. "Ulitaka koni hii iende wapi?"

Swali hilo ndilo makala hii yote.

KONI INA MAHALI PA KUISHIA

Spika hutoa besi kwa kusogeza hewa. Kiasi cha hewa ni eneo la koni mara umbali inaosafiri. Hakuna kingine. Huwezi kukipakua.

Kwa spika iliyofungwa, kila unaposhuka oktava moja na kutaka sauti ileile, koni lazima isafiri mara 4 zaidi. Kwa ubao wazi uliosawazishwa ni mara 8, kwa sababu ile desibeli 6 uliyoirudisha kwa ikwalaiza nayo inalipwa kwa safari. Tuseme koni yako inasafiri milimita 1 kwenye Hz 80. Kwenye Hz 40 itahitaji milimita 8. Kwenye Hz 20, milimita 64. Sentimita sita na nusu! Koni ya inchi 8 ya kawaida ina milimita 3 hivi kila upande kabla koili haijatoka kwenye sumaku. Ukiiamuru iende 64, haitakupa ujumbe wa hitilafu. Itagonga, itararua, itaungua.

Sasa linganisha. Spika moja ya inchi 8 ina eneo la sentimita za mraba 215 hivi. Kwa milimita 3 inasogeza sentimita za ujazo 64.5. Ikiwa sakafuni kwenye ubao wangu ule wa sentimita 60, ukiwa umbali wa mita moja, kikomo chake kwenye Hz 41 ni desibeli 76 hivi. Hicho ni kikomo cha spika yenyewe. Hakijali una amplifaya gani wala umeandika programu kwa lugha gani. Ukikaa mita tatu kutoka hapo, ambapo watu hukaa, ni kidogo zaidi, na sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini: desibeli 76 za Hz 41 hazisikiki kwa ukubwa wa desibeli 76 za sauti ya mtu.

Chukua wufa ya inchi 15, eneo sentimita za mraba 850, safari milimita 5. Hewa ni sentimita za ujazo 425. Ipe D ya nusu mita. Kikomo kinapanda hadi desibeli 97. Tofauti ni desibeli 21, na karibu 16 kati ya hizo zimetokana na hewa tu, zilizobaki na ubao. Hakuna hata moja iliyotoka kwenye programu.

NA UMEME JE?

Desibeli 6 ni nguvu mara 4. Desibeli 12 ni mara 16. Zile 13 za kichujio changu cha nusu saa ni mara 20. Ikiwa wimbo unahitaji wati 5 kwenye Hz 200, noti ya ukubwa uleule kwenye Hz 41 inadai wati 100. Amplifaya ya mzee haikuwa na wati 100. Ikafanya kinachofanywa na kila amplifaya iliyoishiwa: ikakata vichwa vya mawimbi, ikatuma umeme mchafu kwenye koili, na koili likageuka jiko.

Ndani ya kompyuta nako kuna ukuta, na huu ninyi mnaujua vizuri kuliko mimi. Muziki wa CD ni namba za biti 16, na kubwa kuliko zote ni 32,767. Nyimbo za siku hizi zinakaa karibu kabisa na dari hilo. Ukizidisha mara 4 namba ambayo tayari iko darini, unapata ukuta bapa. Dawa yake ni kupunguza sauti yote kwanza kwa kiasi kilekile ulichoongeza chini, na programu kama Equalizer APO zina mstari wa kufanya hivyo. Lakini ona kilichotokea: "kuongeza besi desibeli 13" kumegeuka kuwa "kupunguza kila kitu kingine desibeli 13". Ikwalaiza haikuongeza kitu. Imekopa. Tangu siku zile za Winamp, tulipokuwa tunakisukuma juu kabisa kile kitelezo cha kushoto kilichoandikwa 60, tumekuwa tukikopa bila kusoma riba.

"LAKINI LINKWITZ..."

Najua mtaanza. Kila nikisema haya, mtu ananitajia Siegfried Linkwitz, kana kwamba nimemtukana mtakatifu. Basi tumzungumzie. Linkwitz, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1935 na kufariki mwaka 2018, alikuwa mhandisi wa vifaa vya kupimia katika kampuni ya Hewlett-Packard huko Marekani. Yeye na Russ Riley ndio walioacha jina lao kwenye krosova ya Linkwitz-Riley, ambayo chapisho lake ni la mwaka 1976. Baadaye alijenga spika za ubao wazi zilizoheshimika duniani, ikiwemo Orion, na ndiyo, alisawazisha besi kwa elektroniki. Hilo ni kweli kabisa.

Lakini hawasomi ukurasa wa pili. Orion ina wufa mbili za inchi 10 kila upande, zenye safari ndefu, ndani ya fremu yenye umbo la herufi H, kila sehemu ikiwa na amplifaya yake. Linkwitz alihesabu hewa KWANZA. Kichujio kilikuja mwisho, kama chumvi. Ninyi mnachukua chumvi mnaita pilau.

"LAKINI SIMU YANGU..."

Mwingine ananiambia kwamba spika ya simu ni ndogo kama kucha na bado anaisikia besi. Hapana. Anasikia minong'ono ya juu ya noti hiyo, zile Hz 160 na Hz 200, na ubongo unakisia kwamba kule chini kuna Hz 40. Hila hiyo ni ya kweli na ni nzuri, na programu nyingi zinaitumia. Lakini inakupa jina la noti, haikupi uzito wake. Mzee hakuuliza jina la noti.

NA NYINYI WA UPANDE WA PILI, MSICHEKE

Kuna wale watakatifu wa spika wanaosema ikwalaiza ni dhambi. Kwamba ubao wazi lazima uachwe "asilia", bila kichujio chochote. Hao nao wananichosha. Besi iliyopotea kwa fizikia imepotea. Kuiacha hivyo si usafi wa moyo, ni kusikiliza nusu ya wimbo. Na wengi wao wanasawazisha bila kujua. Wanachagua spika yenye Q kubwa, ambayo ina uvimbe wa asili pale chini. Q ya 1.4 inanyanyua desibeli 3 kwenye masafa ya asili ya spika. Huo ni usawazishaji! Wengine wanaweka koili na rezista ili kuyapunguza masafa ya kati na ya juu yalingane na besi dhaifu. Huo nao ni usawazishaji, tena wa kuchoma wati kwenye rezista. Tofauti ni kwamba wameufanya kwa waya wa shaba badala ya msimbo, na shaba inawapa amani.

Mimi sipingi kufidia besi. Napinga kuanzia mwisho.

LIPA KWA MPANGILIO HUU

Huu ndio mpangilio ninaoufuata sasa, baada ya ada niliyolipa.

Kwanza, hewa. Amua unataka masafa gani na sauti kubwa kiasi gani, ukae chini na kalamu uhesabu sentimita za ujazo. Kama hesabu inadai wufa mbili za inchi 15 na una pesa ya moja ya inchi 8, usijidanganye. Shusha matarajio au subiri mwezi mwingine. Kuongeza wufa ya pili inayofanana kunakupa desibeli 6 za bure: hewa imekuwa maradufu.

Pili, njia. Ongeza D bila kujenga ukuta. Kunja mbawa za ubao kurudi nyuma, au jenga fremu ya H yenye kina cha nusu mita. Ujue tu kwamba fremu hiyo ni bomba, na bomba huimba. Ya nusu mita huimba kwenye Hz 300 na kitu, kwa hiyo ikatie wufa krosova chini sana ya hapo.

Tatu, spika inayofaa. Ubao wazi haupendi zile wufa zenye sumaku kubwa na Q ndogo za 0.3, hata kama zina bei ya kutisha. Zile "dhaifu" zenye Q ya 0.7 au 1 ambazo wauzaji wanazidharau, hizo ndizo zetu. Na ukitaka kuiinua Q kidogo, rezista ndogo mbele ya wufa itafanya hivyo kwa kupoteza wati chache.

Nne, mahali. Ivute spika mbali na ukuta wa nyuma, mita moja au zaidi. Ukiibandika ukutani umewarudisha mapacha wetu chumba kimoja. Igeuze kidogo ndani, sogeza kiti, sikiliza. Hatua hii haina gharama yoyote na ndiyo inayorukwa na kila mtu.

Tano, SASA fungua kompyuta. Weka kichujio cha kupanda polepole kuanzia pale mteremko unapoanzia, lakini kiishie kwenye masafa ambayo koni yako inaweza kuyahimili, si kwenye masafa unayoyatamani. Punguza sauti yote kwa kiasi ulichoongeza.

Sita, na hii usiiruke hata ukiwa na haraka: funga mlango wa chini. Weka kichujio kinachozuia kila kitu chini ya kikomo chako, iwe Hz 35 au Hz 40. Katika sanduku lililofungwa, hewa ya ndani ni springi inayoizuia koni isipayuke. Kwenye ubao wazi springi hiyo haipo. Mngurumo wa santuri, mtu aliyegonga kipaza sauti, mlio wa ngoma ya kompyuta, vyote vinaitupa koni huku na huku bila wewe kusikia lolote, mpaka unaponusa. Kichujio changu cha kwanza hakikuwa na mlango huu. Mstari mmoja ulioniokoa sikuuandika, kwa sababu haukuonekana kwenye mchoro.

Na kama baada ya yote hayo bado unataka Hz 30, nunua sabwufa iliyofungwa ifanye kazi ya chini ya Hz 60, na uuachie ubao wazi yaliyo juu yake. Hakuna aibu. Chumba kidogo kilichofungwa humsaidia mwenye sanduku huko chini kabisa, kwa kuwa sanduku linaweza kukijaza chumba shinikizo. Ubao wazi hauwezi. Kinachoingia mbele kinatoka nyuma.

KINACHONIUMA ZAIDI

Mngeweza kuniambia, bwana, ni spika tu, tulia. Lakini mimi naona jambo lilelile kila niendako na tarakilishi yangu. Tunaitwa mahali ambapo kitu hakitoshi, nasi tunaleta programu ya kukigawa vizuri. Kisima hakina maji, tunaandika programu ya kupanga zamu za mitungi. Zahanati haina dawa, tunaandika programu ya foleni. Mchoro kwenye skrini unanyooka kama rula, tunapigiwa makofi, tunarudi Nairobi. Halafu Jumamosi wageni wanakuja, mtu anafungulia sauti, na kitu kinaanza kunuka. Na anayeomba msamaha ni mzee, akidhani amekosea kifungo.

Msimbo ni mzuri wa kuongoza kilichopo. Unaweza kukichonga, kukipanga, kukilinda kisiharibike. Lakini hauwezi kuzaa kisichokuwepo. Hewa ni hewa. Ukikuta haitoshi, iseme haitoshi, hata kama uliitwa kwa sababu ya kompyuta yako.

Mzee ana spika mpya sasa. Wufa moja ya inchi 15 kila upande, fremu ya H ya plaiwudi nene, na zile inchi 8 alizozifufua yule fundi ziko juu yake zikifanya kazi ya sauti za kati, wanayoiweza. Si nzuri kutazama kama zile za kwanza. Mama anaziita vibanda vya kuku. Nimeongeza desibeli 6 tu kwa kichujio, na mlango wa chini umefungwa kwenye Hz 38. Nilipomaliza nilimwekea wimbo uleule wa siku ile. Alisikiliza wote, kama kawaida yake, kisha akasema, "Huyo jamaa wa besi alikuwa anakosea kwenye ubeti wa tatu. Miaka yote hii sikujua."

Anayepinga nilichoandika, karibu sana. Ila aje na rula na kikokotoo. Mchoro wa skrini peke yake siupokei tena.